Jike Aliyekaa Pembeni

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute unga ukiwa kwenye magunia na siyo machoni mwako. Mimi ni mzima, mafua yamekwisha, na chumba nilichohamia kina dirisha linalofungika. Mdogo wangu ameniambia kwamba umebadilisha mkanda wa mashine ya kusaga mwenyewe huku fundi amesimama anakutazama. Nilicheka, halafu nikajiona mtu mkubwa kwa kuwa na shangazi kama wewe.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Ukiwa kazini mashine inameza maneno yote, na haya yangu si ya kupigiwa kelele.

Baba anawaambia watu kwamba natengeneza dawa. Sitengenezi dawa. Kazi yangu hapa maabara ni kuwatazama panya majike wakati wa kupandana, na kutafuta ni kitu gani ndani ya damu na ubongo kinachomfanya jike amkubali dume leo na kesho amfukuze. Nilimwandikia baba mwezi wa Desemba nikamweleza yote bila kuficha, nikidhani nafanya uungwana. Hajajibu. Nikipiga simu anampa mama. Naona nimemtia aibu mbele ya wenzake. Wewe ni dada yake, hebu nisemee.

Lakini usinicheke kabla hujasikia. Panya huamka usiku, kwa hiyo hapa tumewageuzia majira: mchana wetu ni usiku wao, na tunafanya kazi chini ya taa nyekundu hafifu. Siku ya kwanza nilikaa na mwalimu wangu, mama mmoja mwenye mvi na sauti ndogo, tukamtazama jike aliyekuwa kwenye joto, yaani siku yake ya kumtaka dume. Shuleni nilifundishwa kwamba dume hukimbiza na jike hukimbizwa. Basi njoo uone. Jike anamsogelea dume, anaruka, anatimua mbio, kisha anasimama ghafla kama amekumbuka kitu. Masikio yake yanatetema upesi mpaka huyaoni vizuri. Anamsubiri. Dume akikaribia, anatimka tena. Mwendo wote anaupanga yeye. Akiridhika, dume akimgusa ubavuni, anapinda mgongo kama upinde, anainua kichwa, na mkia anausogeza kando. Saa chache baadaye joto limekwisha, na dume yuleyule akisogea anapigwa teke la kifua.

Mwalimu wangu ametazama hayo tangu mimi sijazaliwa, na bado huinama mbele ya kizimba kama mtu anayesikiliza habari mpya. Natamani nizeeke hivyo.

Mwanao,
Mdadisi


2 Machi

Mdadisi wangu,

Marahaba, mwanangu. Hapa wazima, ila goti la mama yako linaendelea kumsumbua na mahindi ya mwaka huu yana unyevu, yanaziba chekeche. Mdogo wako amefaulu mtihani wake, anatembea kifua mbele kama jogoo.

Barua yako niliisoma nimeketi juu ya gunia la mteja, nikacheka mpaka paka akatoka nje. Kumbe ukoo mmoja umegawana kazi. Mimi nawanunulia mitego, wewe unawanunulia vizimba. Mimi nawakimbiza kwa ufagio, wewe unakaa kimya usiwakatize starehe. Siku ukija kunitembelea, usiwaambie wa hapa kwetu unafanya kazi gani, watahamia wote.

Kuhusu baba yako, nilimwuliza. Alisema, "Mwache mtoto afanye kazi yake," halafu akaanza kunieleza habari za paa lake. Paa lake halivuji. Mimi namjua kaka yangu: akiona aibu hukasirika, huzungumza kwa sauti na kutafuta wa kumlaumu. Safari hii hakukasirika. Alikuwa mpole, na hakutaka kunitazama. Kwa hiyo si aibu unayoifikiria wewe, na ni nini sijui. Mpe muda.

Mimi sina aibu nawe hata kidogo. Nilimsimulia mama yako habari ya masikio yanayotetema, akasema ni upuuzi, kisha akanitaka nirudie. Sasa niambie jambo moja. Mnajuaje kwamba ni hicho kitu chenu cha ndani ya damu? Huenda panya mwenyewe ameamua tu, kama sisi tunavyoamua leo sisagi mtama. Nieleze polepole, kichwa changu kimejaa vumbi la unga.

Shangazi yako,
Mama Mashine


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mpongeze mdogo wangu, na goti la mama lipakwe dawa, lisikemewe tu. Mimi nimepungua kidogo kwa sababu napika nikiwa nimechoka, lakini afya ipo.

Swali lako ndilo ambalo watafiti waliokuja kabla yetu walijiuliza. Namna ya kulijibu ni hii. Jike tunamlaza kwa dawa ya usingizi na kumtoa ovari, vile vifuko viwili vinavyotunza mayai. Akipona ni panya mzima kabisa: anakula, anasafisha manyoya, anacheza na wenzake. Lakini mlete dume. Jike anakwenda pembeni. Akifuatwa anasimama kwa miguu ya nyuma na kumsukuma kwa mikono kama bondia. Ile hamu haipo. Haijajificha wala haijagoma.

Sasa tunamrudishia kwa sindano kile ambacho ovari zingetoa. Kwanza homoni iitwayo estrojeni. Ukimpa leo, leo huoni kitu. Inasafiri kwenye damu hadi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo hipothalamasi, na huko inafanya kazi ya kimyakimya: inazifanya seli zitengeneze vipokezi, yaani mahali ambapo homoni ya pili itashika. Hiyo ya pili ni projesteroni. Ukimpa hiyo peke yake, inapita tu kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Ukimpa baada ya ile ya kwanza kumaliza maandalizi, saa chache tu, yule wa pembeni anatoka. Anaruka, anakimbia, masikio yanatetema. Panya yuleyule, Shangazi. Hatukumfundisha wala kumbembeleza.

Siku nilipoona hivyo nilijisahau nikasema, "Amerudi."

Mwalimu akajibu bila kuinua macho, "Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa hajaitwa."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Kitu chembamba kiasi hicho, kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, na mwili mzima unakingoja. Nilidhani nimekuja kusoma tabia za panya. Kumbe nimekuja kujifunza kustaajabu.

Mwanao,
Mdadisi


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Mota iliungua, fundi akasafiri, mvua ikalowesha mahindi ya watu. Goti la mama yako limepona.

Nina swali dogo, usilijibu kwa haraka. Huyo jike aliyetolewa ovari, anayekaa pembeni. Akiwa hana pa kwenda, na dume hachoki, huwa inakuwaje? Na ninyi mnapoandika habari zake, mnamwitaje?

Barua ya kujibu hili usiipitishe nyumbani kwa baba yako. Itume moja kwa moja huku kwenye mashine.

Paka amezaa.

Shangazi yako


25 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, nilikuwa nimeanza kuwaza mabaya. Sina habari nyingi. Nimenunua viatu, vinabana.

Nimekaa na swali lako kama ulivyotaka. Akiwa hana pa kwenda, hupigana. Akizidiwa nguvu, dume humpanda kwa shida, na jike hapindi mgongo, hasogezi mkia, anapiga kelele nyembamba ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Sisi hatuliachi jambo lifike huko. Akikataa, tunamtoa dume.

Na kuna kitu kingine kinachofaa ukijue. Hata jike aliye kwenye joto kamili anahitaji pa kwenda. Mwalimu wangu hugawanya kizimba kwa ukuta wenye matundu madogo, jike anapita, dume kwa ukubwa wake hapiti. Jike anakuja upande wa dume, anarudi kwake, anapumzika, anakuja tena anapotaka. Ukimwachia hivyo, baadaye hukipenda kile chumba, hukirudia hata dume akiwa hayupo, kwa sababu ubongo wake umemwaga dopamini na kemikali nyingine za raha. Ukiyaziba matundu, atapandwa vilevile, mimba ataipata, lakini chumba kile hakirudii kwa hamu. Kwa nje utaona tendo lilelile. Ndani ya kichwa chake ni vitu viwili.

Mnamwitaje, umeuliza. Wapo waliomwita baridi. Mwalimu hakubali neno hilo liandikwe chini ya paa lake. Mwanafunzi mmoja aliliandika, mwalimu akamrudishia karatasi: "Hili ni lako, si lake. Andika alichofanya." Kwa hiyo tunaandika: alikataa. Basi.

Sasa niseme kwa uangalifu, maana mwalimu angenikaripia nisiposema. Binadamu si panya. Kwa mwanamke kuna mambo mengi: moyo, kumbukumbu, aliye naye, uchovu, na hata tezi nyingine zinazotoa homoni. Wapo waliotolewa ovari na hamu ikabaki. Wapo walioipoteza yote. Wapo wanaowaka mwili kwa joto na kukosa usingizi. Lakini hao walioipoteza, hakuna hata mmoja aliyeitupa kwa mkono wake.

Nilipokuwa mdogo nikija kwako likizo, tulikuwa tunajifunika mablanketi na wewe unaamka kufungua dirisha, umeloa jasho. Sikuulizi kitu. Nimelikumbuka tu.

Mwanao


3 Agosti

Mdadisi wangu,

Marahaba, mama. Huku ni wazima. Paka amewahamishia watoto wake kwenye kapu la vipuri, na mimi sasa nikitaka spana naomba ruhusa.

Mota haikuungua. Nilipofika kwenye maneno ya mwalimu wako, "alikuwa hajaitwa", nilifunga mlango wa mashine katikati ya siku. Watu waligonga wakachoka, wakaenda kusaga kwingine. Nilikaa mle ndani mpaka nilipoweza kusimama.

Hukuniuliza, ndiyo maana nakuambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ilikuwa uvimbe. Nilipozinduka daktari alisema wameona hatari, wametoa vyote, kizazi na hizo ovari, na nishukuru nimepona. Nilishukuru kweli. Niliambiwa sitazaa. Hilo nililia nikalimaliza. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kingine kilichotoka pamoja navyo.

Watu wanadhani mume wangu aliniacha kwa ajili ya watoto. Sivyo. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa taratibu zake, wala hakuwa mbaya. Tulikuwa tunapendana na kucheka. Baada ya upasuaji nikawa namwona anakuja barabarani, moyo unafurahi kama zamani, lakini akinigusa mwili unakuwa kama wa mtu mwingine niliopewa kuutunza. Unauma na haujibu. Nikaanza kutafuta vyombo vya kuosha mpaka apitiwe na usingizi.

Akaniuliza, "Una mwingine?"

"Sina."

"Basi hunitaki."

"Nakutaka."

"Sasa hiki ni nini?"

Sikuwa na jibu, mwanangu. Ningekuwa nalo lile uliloniandikia, ningempa. Alivumilia, kisha siku moja akasema, "Nilioa mke, sikuoa ukuta." Akaenda kunishtaki kwa kaka yangu.

Ndiyo, kwa baba yako. Naye hakuwa na nia mbaya, alitaka ndoa isivunjike. Aliniketisha kwenye kiti, akasimama yeye, akaniambia, "Jilazimishe. Wanawake hujilazimisha, baadaye huzoea."

Nilijilazimisha. Sikuzoea.

Mume wangu alipofungasha, nilimsaidia kukunja mashati, maana niliona ana haki. Tangu hapo nimejua kwamba mimi ni mtu niliyekauka kwa ugumu wa moyo wangu mwenyewe. Walipokuja wengine kunitaka niliwafukuza mapema, nisiwapotezee wakati. Nikanunua mashine. Nilisema, kama mimi ni ukuta, nifanye kazi inayotaka ukuta.

Umeniambia binadamu si panya. Nimesikia, na pengine mimi nilikuwa na mengine pia. Hata ikiwa homoni zilikuwa nusu tu ya sababu, hiyo nusu si yangu, na nimeibeba muda mrefu. Mwambie mwalimu wako nimemsalimu. Mwambie nampenda kwa kulikataa lile neno.

Usimwambie baba yako kwamba nimekuandikia haya.

Shangazi yako


19 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya kila siku na moja ya barua yako.

Nilitaka kuandika mengi, nikayachana. Nitasema tu ninachokijua. Uliufanya mwili usioujua uamke, ubebe magunia, ushike spana, ulee watoto wa kaka yako kila likizo, bila usingizi na bila mtu wa kumwambia. Mimi nimeona wanyama wakifanya mambo ya ajabu chini ya taa nyekundu, na bado sijaona linalofikia hilo.

Nilimkasirikia sana baba. Kisha nikalikumbuka jambo. Katika ile barua ya Desemba nilimweleza habari za majike waliotolewa ovari, jinsi wanavyokaa pembeni na sababu yake. Nilieleza kwa ukurasa mzima. Nilidhani ni masikio na mikia iliyomnyamazisha.

Sitamwambia kitu. Lakini nakuomba moja: nenda ukamwone daktari wa wanawake. Mwanamke akitolewa ovari akiwa kijana, si hamu tu inayoguswa, hata mifupa. Kuna vipimo, na yapo yanayoweza kusaidiwa hata sasa. Usiende kwa ajili ya mwanaume yeyote. Nenda kwa ajili ya mkono wako wa kulia ambao mdogo wangu anasema unaushika ukidhani hatazami.

Mwalimu amepokea salamu zako. Alivua miwani, akaifuta.

Mwanao


6 Oktoba

Mdadisi wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, mdogo wako anataka viatu vyako vinavyobana. Watoto wa paka nimewagawa, nimebakiza mmoja mwenye tabia kama zako, hukaa mbele ya tundu la panya bila kukamata, anatazama tu.

Nilikwenda hospitali. Daktari ni mwanamke kijana, ana haraka mikononi lakini masikio yake hayana haraka. Aliniuliza, "Baada ya upasuaji ulipewa nini?"

Nikasema, "Ushauri."

Hakucheka. Alisema nilistahili kupewa homoni tangu wakati ule, nitumie miaka mingi, na inamsikitisha kwamba hakuna aliyenieleza. Nikamwomba arudie hilo la kustahili, akarudia. Mifupa imepungua, nimepewa dawa yake na nimekatazwa magunia mazito. Kwa yale mengine kuna krimu ya kutuliza maumivu, na zaidi ya hapo, kwa umri wangu, lazima tupime faida na hatari. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini? Unataka hamu irudi?"

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa nakwepa. Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu, nikataka nikae nalo kidogo kabla ya kulijibu. Bado ninalo. Ni kitu kizuri kuwa nacho.

Sasa la baba yako. Alikuja Jumamosi akiwa amevaa suti, nikadhani kuna msiba. Mashine ilikuwa inazunguka na foleni ipo mlangoni. Akasimama karibu na mizani akisubiri wateja wapungue, hawakupungua. Mwishowe nikazima mashine, akaniita pembeni.

"Mtoto aliniandikia," akasema.

"Najua."

"Nimeisoma barua ile nikakuona wewe mle ndani." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Nilikuambia ujilazimishe."

"Uliniambia."

"Nilidhani najua."

"Ulikuwa hujui, kaka. Hata mimi nilikuwa sijui. Lakini wewe ulisema kama mtu anayejua."

Macho yalimjaa, naye si mtu wa machozi, unamfahamu. Akasema, "Nikuombe msamaha kwa namna gani?"

Mwanangu, nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo. Mengine makali, mengine ya kusamehe haraka ili asiumie, kama nilivyozoea. Yote nikayaona si ya kweli. Sikumwambia yamekwisha, maana hayajakwisha. Sikumfukuza pia. Nilimwambia, "Daktari amenikataza magunia. Njoo unishikie mdomo wa gunia."

Alivua koti, akaliweka juu ya mizani, akaja akashika. Nikawasha mashine. Unajua mle ndani ikiwashwa hakuna mazungumzo. Alishika gunia moja, likajaa, akalifunga vibaya, nikamwonyesha, akashika la pili. Wateja walikuwa wanamtazama mzee wa suti amepauka nyusi kwa unga, na yeye hakumtazama mtu. Nilipozima jioni alichukua koti lake, akalikung'uta unga. Akaniuliza kesho nafungua saa ngapi.

Nikamwambia saa moja, na asije na suti.

Shangazi yako,
Mama Mashine